Kifua cha Mama

Mama mdogo amepata uprofesa kwa mapafu ya mama yangu. Nasema waziwazi, na anayetaka kununa anune.

Wazazi wao walipofariki, mama aliingia kiwanda cha pamba ili mdogo wake aendelee na shule. Vumbi la pamba likamla kifua mpaka akawa anapumzika kati ya kitanda na mlango. Mdogo mtu akasoma, akawa mtafiti wa seli za kinga, hawa askari wa mwili. Anasema kwa wagonjwa wa kifua sugu askari hao hurukwa na akili, wakaanza kubomoa nyumba waliyopewa kuilinda. Akazitafuta seli za namna hiyo kila hospitali, kumbe za kupigiwa mfano zilikuwa kwa dada yake. Leo picha za seli hizo zimejaa ukuta wa maabara, na wageni wanasimama mbele ya ukuta wakisifu rangi.

Kuzipata ni shughuli. Mpira mwembamba unapitishwa puani hadi mapafuni, maji ya chumvi yanamiminwa, yanavutwa tena, chupa inawekwa kwenye barafu na mama mdogo anatimua mbio nayo kabla seli hazijafa. "Hata mume wangu sijawahi kumkimbilia hivi!" husema, na wanafunzi wake hucheka kwa sababu ndiye anayewasahihishia mitihani.

Halafu kuna sharti la pampu, kile kichupa cha kupulizia dawa mdomoni. Dawa ya kuvuta inazituliza seli, na zikitulia hazimfai. Kwa hiyo wiki nne kabla ya kipimo mama havuti dawa. Mgonjwa mwingine akizidiwa anatolewa kwenye utafiti, anapewa pampu yake na pole. Mama hatolewi.

Safari hii alizidiwa mapema. Alilala ameketi, midomo imekuwa ya kijivu, sentensi moja anaimaliza kwa awamu. Nikamfuata mama mdogo ofisini.

"Mwache avute, mama mdogo. Anakufa."

"Hafi. Daktari ni mimi au wewe?"

"Ni dada yako!"

"Ndiyo maana nimemwamini yeye," akasema, macho kwenye kompyuta. "Vumilieni kidogo, mwanangu. Zimebaki siku chache."

Shukrani ya punda ni mateke, sikushangaa. Nilipita duka la dawa, nikanunua pampu. Mama akaikataa, akafumba mdomo. Nilimshika kidevu kwa nguvu, mama yangu mzazi, nikampulizia. Alilia. Mchana huo alilala chali, usingizi wa mtu mzima, nami nikakaa mlangoni nikimsikiliza kwa furaha.

Siku ya kipimo mama mdogo alitoka maabara na glavu zake mkononi, wanafunzi nyuma yake.

"Dada, umevuta."

Mama akanifinya nisiseme. "Nimevuta."

"Seli zimelala kama paka walioshiba! Kazi ya mwaka mzima umeimwaga chini. Huna huruma hata kidogo?"

"Nisamehe, mdogo wangu. Pumzi ilinishinda."

Mama anaomba radhi kwa kupumua, mbele ya watoto wa watu! Nikashindwa kujizuia. "Nilimvutisha mimi. Kwa nguvu. Na nitamvutisha tena."

Mama mdogo hata hakunitazama. "Basi tunaanza upya. Wiki nyingine nne, kuanzia leo." Akanyoosha mkono. "Pampu."

Nikaukumbatia mkoba wangu. "Sitoi."

Mama akainuka kwa kushika ukuta. Nilidhani anataka twende nyumbani, nikampa bega aegemee. Akauvua mkoba begani kwangu, akaufungua zipu, akaitoa pampu na kumkabidhi mdogo wake. Kisha akanigeukia, mkono begani kwa mdogo wake, akitafuta pumzi kati ya neno na neno.

"Huyu ndiye... mtoto wangu wa kwanza. Usimharibie tena."

Mama mdogo aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Asante, dada," akasema, akarudi kazini.