Zamu ya Nyumba ya Saturnina

…na wakikipitisha hivi hivi, basi, yamekwisha, Saturnina aliwaza huku akichambua majani ya koka kwenye kitambaa mapajani, akitafuta moja lisilochanika, yamekwisha kabisa, Januari itakuja na kupita na hakuna atakayebisha mlangoni kumwambia mama, zamu ya uenyekiti imefika kwako, vaa, maana kifungu cha tisa kinasema mwenyekiti wa ushirika atapigiwa kura ya siri, na nani huyo atakayempigia kura yeye, mwanamke ambaye hata akienda kununua mkate sauti humkauka kooni, ashukuriwe Mungu, miaka yote anaiogopa zamu hii, kumbe kuna watu wa serikali kule La Paz walikuwa wanamwandalia pa kutokea… "Kuna mwenye la kusema kuhusu kifungu cha tisa?" aliuliza wakili Jhoselin, binti aliyetumwa na serikali kuwasomea wakulima kanuni mpya za vyama vya ushirika kabla hazijatiwa sahihi, alisimama mbele ya ukumbi, koti limefungwa hadi kidevuni, pua nyekundu kwa baridi, na hakuna aliyemjibu, watu wote walikuwa wanatafuna koka yao, ndivyo wanavyofikiri watu wa huku, jambo zito hulitafuna kwanza, na hapo ndipo lilipotokea lile balaa la safari iliyopita, alipokuja bwana mwingine wa serikali mwenye haraka, akasoma, akauliza, wao wakanyamaza ili wafikiri, yeye akaandika wamekubali kwa kauli moja, akapanda gari, jamani, kwa kauli moja, na hakuna aliyekuwa amefungua kinywa.

Huyu binti angalau anangoja, mwache angoje, Saturnina aliwaza, hakuna haja ya mimi kusema kitu, nikinyamaza tu nimepona… "Jamani, tusimchoshe binti wa watu," Casiano alisema kutoka benchi la nyuma, Casiano mwenye kifua cha kupigia kelele, "tukubali, mashine ije, au mnapenda hivyo vidole vyenu?" na watu wakacheka, na Saturnina akavitazama vidole vyake, vimepasuka vyote, maana kinoa, nafaka yao ya huku, haiuziki mpaka ioshwe utomvu wake mchungu, na kuiosha ni kuisugua kwenye maji ya barafu mpaka povu liishe, mkono ukitoka humo huujui kama ni wako, na serikali imeahidi mashine ya kuoshea kwa kila ushirika utakaoandikishwa chini ya kanuni mpya, mashine ile anaitaka, eeh, anaitaka sana, na kifungu cha saba nacho alikipenda, kinachosema hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote, hilo ni jema, si kila kilichotoka La Paz ni kibaya, lakini kifungu cha tisa, hebu subiri… mbona Casiano anakitaka hivyo? Kwa kura, Casiano atashinda, na mwaka unaofuata atashinda tena, kwa nini asishinde, na wale wa ng'ambo ya mto walianza hivyo hivyo, wakamchagua Hilarión kwa sababu ana lori, na kila uchaguzi wanamtazama Hilarión, wanalitazama lori, wanamchagua tena, sasa ukitaka kuuliza jambo la ushirika wenu unakwenda kubisha nyumbani kwake, na mkewe anakuambia bwana amepumzika.

Huku kwao uenyekiti haugombewi, unatembea, nyumba baada ya nyumba kama mashamba yalivyopakana, kutoka mlimani hadi mtoni, mume na mke pamoja, mwaka mmoja, upende usipende, na mwaka huo hupaswi kumkasirikia mtu, wote ni watoto wako, hata Casiano, na alikumbuka zamu ilipofika kwao yeye akiwa msichana, mama yake Leocadia akilia jikoni, amekwisha kuvaa kofia nyeusi ya uongozi, mzigo wa mkate wa kuwagawia watu umefungwa mgongoni, anasema siwezi, siwezi, watanicheka, baba anamwambia hata mimi siwezi, twende tu, wakaenda, na miezi ya mwanzo mama hakusikika kabisa, watu walikuwa wanainama kumsikiliza, na hawakumcheka, walimngoja, mpaka ulipofika msimu wa kuuza, akaja yule mnunuzi mwenye mizani yake, magunia yote yakawa mepesi ghafla, wanaume wakabaki kunung'unika, na mama, mama yake yule yule wa jikoni, akakusanya sketi zake akapanda yeye mwenyewe juu ya mizani, akatazama, akasema, "Bwana, juzi tu zahanati wamenipima. Hapa kwako nimekonda. Nimekonda lini, na mbona sketi hainidondoki?" na uwanja mzima ukaangua kicheko, mnunuzi naye akacheka mpaka akatoa mizani nyingine garini, na tangu siku ile mama alikuwa na sauti, alikufa nayo… sasa nani angempigia kura Leocadia? Saturnina alijiuliza, na jani likabaki katikati ya vidole vyake, nani, hata mimi mwanawe nisingempigia, na kama asingepewa zamu, ile sauti ingekuwa wapi, ingezikwa humo humo ndani yake na tusingejua kwamba tumezika kitu, na kumbe alikuwa ameanza kuitaka, zamu ile aliyoikimbia usingizini na akiwa macho alikuwa anaitaka, na alipojua kwamba anaitaka akaona jinsi inavyoondoka.

Lakini Gumercindo mumewe, hilo nalo, mume husimama kulia, mke kushoto, ndivyo ilivyo, na Gumercindo yuko nchi jirani, São Paulo, anashona jinzi, ana mwanamke mwingine huko na watoto, anatuma salamu kwa mdomo wa watu, shukrani sana kwa salamu, angekuwa amekufa ingekuwa rahisi, mjane husimama na mwanawe wa kiume au kaka yake, lakini yeye si mjane, hana mtoto wa kiume, hana kaka, atasimama mbele ya watu na pengo kulia kwake, na watu wataliangalia lile pengo kuliko wanavyomwangalia yeye, aibu gani hii, afadhali kifungu cha tisa kuliko aibu hii… "Wifi, unatafuna au umelala?" Basilia alimchoma kiwiko, Basilia dada yake Gumercindo, aliyemfukuza kaka yake kwenye simu kwa matusi ambayo mtaa mzima uliyasikia, na tangu hapo wao wawili wanalala ua mmoja, wanalima shamba moja, wanaosha kinoa kwenye beseni moja wakigombania nani amwage maji… "Niache, nafikiri," alinong'ona Saturnina, na Basilia akasema, "Fikiri haraka, Casiano anatuuza," na hapo, sijui ni lile beseni, sijui ni kile kiwiko, likamjia wazi kabisa: zamu ni ya nyumba. Inabisha hodi kwenye nyumba. Haijawahi kuuliza suruali iko wapi. Na nyumba si ipo? Moshi si unatoka kila asubuhi? Nyumba ni yeye na huyu mwenye kiwiko, basi, na mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake yenyewe, aliyatazama kwa mshangao, kwamba kanuni iseme uongozi ni zamu ya nyumba kwa vyama vinavyotaka zamu, anayetoka amfundishe anayeingia, na kura ile ya siri waiache, ni nzuri, ila iwe ya kumtoa aliyeharibu, si ya kumwingiza mwenye lori, na mashine waje nayo hivyo hivyo, mashine haijali nani mwenyekiti, kinoa ni chungu kwa wote.

"Nauliza tena, wazazi wangu," alisema wakili Jhoselin, "kifungu cha tisa. Nikirudi mikono mitupu wataandika wenyewe kule. Naona kimya. Niandike nini?" na Casiano akasema, "Andika wamekubali, mwanangu, chakula kinapoa," na ukumbi uliendelea kutafuna vile vile, upepo uligonga bati vile vile, na jani lilikuwa bado katikati ya vidole vya Saturnina, zima, halina mchaniko, hajui amelishika tangu saa ngapi, akalitia mdomoni, mama pale juu ya mizani, sketi hainidondoki, watangoja, walimngoja mama, wataningoja na mimi… "Usiandike kwanza," alisema, na hakuna aliyesikia isipokuwa Basilia, akasimama, "Usiandike, mwanangu," na sasa vichwa viligeuka, watu wakainama kidogo kumsikiliza, na yeye akanyoosha mkono chini bila kutazama, akamshika wifi yake begani.

"Simama."

"Mimi? Nisimame wapi?"

"Hapa, wifi. Kulia kwangu."