Boriti ya Ghala la Hauenstein

Tobin Hauenstein aliporusha mpira wake wa kwanza kikapuni alasiri ile, nilisikia harufu ya nyasi kavu. Ukumbi wa chuo ulinuka bisi na jasho, lakini pua yangu ilikuwa imekwisha kurudi nyumbani, darini kwenye ghala la baba, Indiana ya kusini.

"Umeona?" nilimuuliza Lamar.

Lamar Petrie amesaka vipaji kwa miaka thelathini, na ndiye aliyenifundisha kazi hii katika timu yetu ya ligi ya kulipwa. Alitafuna bisi kana kwamba zimemkosea.

"Nimeona mpira umepita chini kama jiwe la kuulia ndege," akasema. "Kijana wa futi sita na inchi moja tu, halafu anarusha vile! Ligi ya kulipwa, dada yangu, watamla na viatu vyake."

"Lakini umeingia."

"Mbele ya watoto wenzake, ndiyo."

Alisema kweli. Tobin alikuwa mpanga mchezo hodari. Pasi zake zilimtangulia mwenzake pale alipokuwa anakwenda, kabla mwenyewe hajajua kuwa anakwenda. Lakini mtupo wake ulikuwa bapa, haupandi, na huko ligi ya kulipwa kuna watu wenye mikono kama ngazi wa kuuzima. Kipindi cha pili, bila mtu kumkaba, alirusha juu mno na mpira ukapita bila kugusa hata ubao. Mashabiki wa wageni wakamzomea. Safari iliyofuata akarusha juu vilevile, akakosa vilevile. Kocha akamtoa hadi dakika za mwisho. Lamar alicheka hadi bisi zikamwagika.

"Ijumaa tunapeleka jina moja la mchezaji wa kuchaguliwa duru ya pili," akasema tukitoka. "Mimi nina yule mrefu wa Ohio. Wewe niletee sababu, nitakusikiliza. Ila usiniletee kaka yako."

Maneno yale yalinichoma, maana Lamar alikuwa amekwisha kuisikia hadithi ya kaka yangu mara nyingi kuliko alivyomsikia mke wake.

Kaka huyo, Verlin, na mimi tulijifunza mpira darini, majira ya baridi, pumzi zetu zikitoka kama moshi. Baba alipigilia kikapu ukutani, na mbele yake ikapita boriti ya mwaloni, nene kama kiuno cha mtu. Ukirusha juu, unaigonga, vumbi na mavi ya njiwa yanakushukia kichwani, na zamu yako imekwisha. "Chini, Corrie, chini!" Verlin alinifokea. "Boriti haina huruma!" Yeye aliweza kupitisha ishirini mfululizo chini yake, huku akitafuna tufaha. Sijaona kitu kizuri kama kile tangu hapo, na mimi hulipwa kutazama.

Akaenda chuo. Msimu wa kwanza tu, mikono mirefu ikamzima. Kocha akamwomba ainue mpira. Verlin akajibu, "Mimi ndivyo ninavyorusha," na kabla mwaka wa pili haujaanza alikuwa nyumbani anapanda mahindi. Hakuna msaka vipaji aliyewahi kuandika hata mstari mmoja juu yake.

Na mtupo wa Tobin ulikuwa ule ule wa Verlin; basi Alhamisi niliendesha gari hadi shambani kwa kina Hauenstein. Mama yake Tobin, Nadine, alinikaribisha kwa kipande cha nyama ya nguruwe kilichozidi mkate wake pande zote, asinihoji lolote mpaka nimemaliza. Nilipomuuliza kijana alijifunzia wapi, mumewe Eldon aliguna.

"Njoo ukaone balaa."

Tukapanda ngazi ya ghala. Kikapu kilikuwepo, wavu umechakaa. Nikainua macho kuitafuta boriti, nikijua itakapokuwa, kama ulimi unavyolijua pengo.

Haikuwepo. Vilibaki visiki viwili tu, kimoja huku na kimoja kule, vimekatwa kwa msumeno, mbao bado nyeupe. Chini ya kila kisiki ilisimama nguzo mpya ya chuma.

"Krismasi hii," Eldon akasema. "Nalisha ng'ombe zangu, nasikia msumeno. Ghala la babu yangu, mama! Nikapanda mbio. Nikamwambia, wewe kijana, umerogwa? Akanijibu, 'Baba, hii imenifundisha vibaya.' Basi! Hata samahani hakuna."

"Ukamfanya nini?"

"Nimfanye nini? Paa lilikuwa linalia. Nikaenda kuleta nguzo." Akavua kofia, akaivaa tena. "Likizo nzima alirusha. Alikosa mpaka njiwa wakahama."

Kwenye mbao za paa, juu kabisa, palijaa alama za duara za mpira. Nilisimama pale nikaikumbuka ile mipira miwili ya kipindi cha pili. Alijua itazomewa. Baada ya wa kwanza, alijua hata atakavyotolewa. Akarusha.

Njiani nilisimamisha gari kando ya shamba, nikampigia Verlin.

"Uliwahi kufikiria kuikata ile boriti?"

"Boriti gani?" Kisha akacheka, kicheko chake cha zamani cha darini. "Baba angenizika nayo."

"Huenda angeleta nguzo."

Nikamsikia anazima trekta.

"Sikuwahi kumuuliza," akasema.

Ijumaa nilimpa Lamar karatasi yangu. Aliisoma kwa miwani iliyoteremka puani, kidole kikifuata mistari.

"Hapa penye sifa," akasema, "umeandika mipira miwili iliyokosa."

"Ndiyo, mzee."

"Na penye kasoro umeandika ile yote iliyoingia."

"Isipokuwa mmoja tu, ule wa dakika za mwisho alioingiza baada ya kurudishwa. Ulipita juu kidogo. Irudie kanda ya mechi."

Akanitazama. "Na Verlin yuko wapi humu?"

"Hayumo. Yeye hakuikata boriti."

Lamar akairudisha kanda nyuma, akautazama mtupo ule mara tatu bila kutafuna chochote. Kisha akaikunja karatasi yenye jina la yule wa Ohio, akaitia mfukoni mwa shati, na kunisukumia kalamu ili niandike la Tobin.