Mzigo Uje kwa Jina Langu

Mwenyekiti alikuwa na namba ya simu ambayo ukoo mzima uliijua kwa moyo, na namba hiyo ndiyo iliyokuwa ikimharibia Fundi maisha.

Mtaani walimwita Fundi kwa sababu ya ushonaji. Nyumbani waliendelea kumwita Bubu, jina la kijinga kabisa, maana bubu hasemi, na Fundi alisema, tena sana. Alichokosa ni masikio. Homa ya utotoni iliyachukua yote mawili wakati tayari anajua kusema, kusoma na kujibu mapigo, na tangu hapo akawa anawasoma watu midomo. Sauti yake mwenyewe hakuisikia, kwa hiyo akikasirika majirani wote walipata habari.

Mwenyekiti alikuwa kaka yake. Hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Alikuwa tu mkubwa wa kuzaliwa, ana duka la rangi na misumari, na hakuna kikao cha familia kilichowahi kuanza kabla yeye hajakalia kile kiti chenye mikono. Fundi aliishi chumba cha uani nyumbani kwake, akishonea barazani kwa cherehani ya wifi yake. Wifi akiamka vizuri, cherehani ilitolewa nje. Wifi akinuna, ilibaki ndani, na Fundi aliwaambia wateja wake warudi kesho huku uso ukimwaka kwa aibu.

Mama yao alipofariki aliacha cherehani yake nyeusi, ile ya kuzungushwa kwa mkono, chuma kitupu. Aliacha na neno mbele ya wanawe wote watatu: hii ni ya Fundi. Ilikuwa mji wa mbali, kwenye nyumba ya mama, alikobaki Kitindamimba, mdogo wao wa mwisho. Kazi iliyobaki ilikuwa kuituma.

"Itumwe kwa kampuni ya pikipiki," Mwenyekiti alikata shauri mezani. "Leo wanapokea, kesho kutwa wako mlangoni. Posta walishakufa siku nyingi, hawajazikwa tu."

Fundi alimsoma midomo mpaka mwisho. "Hao wa pikipiki wanapiga simu, kaka. Wakinipigia mimi, nani ataitika?"

"Si wataandika namba yangu! Kama siku zote."

Kama siku zote. Saa ya ukutani ya mama ilitumwa kwa Fundi kupitia namba ya Mwenyekiti, na sasa ilining'inia sebuleni kwa Mwenyekiti. Blanketi zito alilonunuliwa na Kitindamimba lilikuwa kitandani kwa wifi. Vitambaa vya maua vilivyotumwa ili ashonee magauni, alivikuta vimekuwa mapazia. Si kwamba Mwenyekiti alikuwa mwizi. Mwizi anajua kuwa kitu si chake. Mwenyekiti aliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba kitu kikishapita mkononi mwake basi kimefika.

Na safari hii alikuwa na mipango. Cherehani ingekaa dukani kwake, kwenye kona ya ndoo za rangi. Fundi angeshona hapo, na wateja wangemlipa Mwenyekiti. "Cherehani ya familia," aliiita, huku anachokoa meno.

Fundi hakubishana. Kesho yake alivaa viatu vyake vizuri akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni hiyo, maana hakutaka kuambiwa kuwa anakataa kitu asichokijua. Ofisi ilikuwa safi, vioo kila upande, na dada wa mapokezi alikuwa na fulana ya rangi ya chungwa na tabasamu lililopigwa pasi.

"Mzigo wangu ukifika, mniandikie ujumbe," Fundi alimwambia. "Msinipigie."

"Dereva anapiga, mama. Usipopokea anapiga tena. Ukikaa kimya, mzigo unarudi ulikotoka."

"Mimi ni kiziwi."

Yule dada akapaza sauti. Fundi aliona mishipa ya shingo ikimtoka, na wateja wengine wakigeuka. Akamwonea huruma kidogo.

"Usijichoshe, mwanangu, hata ukipiga tarumbeta. Andika tu."

Dada akaandika kwenye karatasi kwamba mashine yao haikubali mzigo bila namba ya kupigiwa. Akamalizia kwa kuuliza: huna ndugu?

"Ninaye," Fundi akamjibu. "Ndiyo shida yenyewe."

Posta ilikuwa mwendo mfupi kutoka hapo. Rangi ilikuwa imebambuka, feni imesimama, na ukuta mzima ulikuwa visanduku vya chuma vyenye vitasa vidogo. Karani alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Alieleza polepole, uso wake ukiwa mbele ya Fundi, bila kuambiwa. Kikaratasi kitatiwa ndani ya kisanduku chako. Unakuja nacho hapa pamoja na kitambulisho. Hapewi mtu ila mwenye jina.

"Na mzigo unachukua muda gani?"

Karani alitazama dari. "Utafika," alisema.

Fundi akakodi kisanduku palepale. Ufunguo aliutia kwenye uzi akauvaa shingoni, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiugusagusa. Kisha akamwandikia Kitindamimba ujumbe: tuma kwa posta, kwa jina langu, usimsikilize mtu.

Mwenyekiti alipopata habari alicheka mpaka akashika mbavu. Wifi hakucheka. Alisema kama kuna watu wana cherehani zao njiani, basi ya kwake ipumzike, na akaiingiza ndani moja kwa moja.

Siku zikaenda. Fundi akabaki na sindano na uzi. Mshona viatu aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa posta, alimwonea imani akampa nusu ya benchi lake. Hapo akawa anashona vifungo na kupandisha pindo za suruali kwa mkono, na kila asubuhi anavuka kwenda kufungua kisanduku. Ndani hamna kitu. Aliinamisha kichwa akachungulia mpaka mwisho wa kile kitundu, kana kwamba cherehani ingeweza kujificha humo. Wateja wenye magauni walianza kumkimbia. Na kila jioni Mwenyekiti alimngoja mlangoni.

"Posta yako imeamka?"

Kuna jioni moja Fundi alikaribia kusalimu amri. Alikaa kitandani na simu mkononi, akaanza kumwandikia Kitindamimba afuate mzigo posta, aupeleke kwa hao wa pikipiki, namba ya Mwenyekiti iandikwe, yaishe. Vidole vilimuuma kwa sindano na moyo ulimuuma zaidi. Kisha akainua macho, akaona mapazia yake ya maua yakipepea dirishani kwa wifi. Akafuta ujumbe wote.

"Niache nizeeke nikingoja!" alisema, na kwa jinsi mbwa wa jirani alivyoruka, alijua amesema kwa sauti.

Asubuhi ambayo kikaratasi kilikuwemo, alikivuta kwa pupa hata akaangusha ufunguo aliokuwa ameuvua shingoni. Aliuokota, akageuka kuelekea dirishani kwa karani, na akauona mgongo wa Mwenyekiti.

Alikuwa ameegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili kama yuko dukani kwake. Mbele yake lilikuwa boksi la mbao lililofungwa kamba. Juu yake kulikuwa na jina la Fundi, sanduku la posta la Fundi, na chini kabisa, kwa wino mnene, namba ile ile. Maskini Kitindamimba! Mkono wake ulikuwa umezoea. Katika familia ile, ukishaandika jina la Fundi, namba ya Mwenyekiti inajiandika yenyewe. Na watu wa posta, kwa wema wao, walikuwa wameipiga.

Mwenyekiti aligeuka akamwona. "Huyo hapo," alimwambia karani. "Ni kiziwi. Mimi ndiye ninayemsimamia. Nikabidhi tu, dada, tusipotezeane muda."

Karani akamwangalia Mwenyekiti, akafungua mdomo kumjibu.

"Niangalie mimi!" Fundi alisema.

Foleni nzima iligeuka. Mzee mmoja aliangusha bahasha zake. Fundi hakujali. Alipita mbele ya kaka yake, akaweka kitambulisho na kikaratasi juu ya kaunta, akavishikilia kwa kiganja.

"Mzigo ni wangu. Jina ni langu. Ukiwa na swali, niulize mimi, nitakusoma midomo. Huyu ni kaka yangu, ninamheshimu, lakini mzigo haukuja kwa jina lake."

Karani alivaa miwani yake, akakitazama kitambulisho, akamtazama Fundi usoni. Akamsogezea karatasi ya kutia sahihi. Kisha akauliza, taratibu, kama ilivyompasa: "Namba yako ya simu, mama?"

Fundi alimwona Mwenyekiti akianza. Hakuhitaji kumsikia. Namba ile alikuwa ameisoma kwenye midomo ile tangu simu ziingie nyumbani kwao. Angeweza kuitambua hata mtu akiitafuna na mkate. Alinyoosha mkono akaufunika mdomo wa kaka yake, kaka yake mkubwa, mbele za watu. Hata yeye mwenyewe alishtuka.

"Sina namba ya kupigiwa," alimwambia karani. "Nina sanduku."

Akatia sahihi, na kabla hajairudisha kalamu akaikata ile namba juu ya boksi, mistari miwili, mpaka haisomeki. Mwenyekiti alikuwa amenywea. Halafu akajikakamua, akashika upande mmoja wa boksi. Ni zito, midomo yake ilisema, utalifikishaje nyumbani?

"Haliendi nyumbani," Fundi akajibu.

Akalipandisha begani. Chuma cha mama kilimkalia barabara kwenye mfupa, akatoka nalo mlangoni. Ng'ambo ya barabara mshona viatu alikuwa ameshaanza kuondoa nyundo na gundi zake kwenye nusu ya benchi.

Nyuma yake Mwenyekiti alikuwa anasema. Lazima alikuwa anasema, tena kwa sauti, maana watu kwenye ngazi walikuwa wakitazama nyuma yake. Maisha yote Fundi alikuwa akigeuka kila alipoona watu wanatazama hivyo, ili asipitwe na neno.

Alifika ukingoni mwa barabara. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama kiziwi yeyote mwenye akili zake. Nyuma hakutazama.