Robo Mzunguko wa Nati

Kiroboto alikuwa na miaka kumi, na jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja hata kwa muda wa kumaliza chai. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, mtu wa mikono migumu na moyo mwepesi wa kushtuka. Mwaka jana mtoto aliruka kutoka juu ya ukuta akavunjika mkono, na fundi ndiye aliyembeba mpaka hospitali, jasho na machozi vikimtiririka pamoja. Mkono uliunga, ila fundi roho yake ilibaki juu juu tangu siku ile.

Sasa fikiria mtu kama huyo anaombwa na bintiye amtengenezee gari la mbao, lisilo na injini, la kushindana kwenye mteremko wa nyuma ya shule. Angekataa, lakini mtoto alimganda wiki mbili nzima, na shangazi mtu akatia lake, kwamba kaka siku hizi anaogopa hata kivuli chake. Akakubali huku anaguna.

Na kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Alipiga msasa ekseli mpaka zikang'aa, akapaka grisi kidogo tu, maana ikizidi inanata na kubeba mchanga. Akaweka washa, vile vipete bapa vya chuma, ili magurudumu yasisugue mbao. Breki alizijaribu hadi jirani akauliza kama zimeharibika. Kila jioni gari lilipinduliwa juu ya meza, Kiroboto akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, wakahesabu wote wawili mpaka lisimame. Mwanzoni lilifika tisa. Ilipofika Alhamisi, yote manne yalikuwa yanapita ishirini. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini, na baba akacheka naye, ingawa kila namba iliyoongezeka aliisikia ni mwendo unaoongezeka chini ya mwanawe.

Asubuhi ya mashindano, Kiroboto akiwa anafunga viatu, fundi alinyemelea kibandani mwake lilipokuwa gari, na spana mkononi, akakaza nati ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Robo mzunguko tu. Alijiambia gari litashuka pole pole, mtoto atashika mkia, atanuna siku mbili, yaishe. Kiroboto alipotaka wahesabu mara ya mwisho, baba alisema wamechelewa, akajitia kutafuta funguo.

Njia ya mteremko ilipangwa magunia ya maranda pande zote mbili, isipokuwa kwenye kona ya chini. Pale, kushoto, palikuwa na ukuta wa mawe. Gari la kwanza likaachiwa. Gurudumu lake moja la kulia lilikuwa linakwaruza, na hazikupita hatua ishirini gari zima likaanza kuvuta upande huo huo, likajisugua kwenye magunia mpaka likasimama. Watu wakacheka. Fundi kijasho chembamba kikamtoka. Jamani, miaka ishirini anatengeneza vyombo vya magurudumu, na kitu anachokijua hata usingizini kilikuwa kimempotea kwa woga: gurudumu la upande mmoja likikaza, chombo hakipungui mwendo tu, kinavutwa upande ule lilikokaza. La kwake lilikuwa la kushoto, na ukuta ulikuwa kushoto.

Hata hapo alisita, mtu mzima yule. Wazazi wamejaa, mwalimu ameshika filimbi, yeye aseme nini? Kwamba fundi mzima amemharibia mwanawe gari kwa mikono yake? Mbele ya Kiroboto walikuwa wamebaki wawili, halafu mmoja. Miguu ikamtoa pale alipokuwa amesimama.

Alimwomba mwalimu gari lile lisiachiwe kwanza. Kisha akachuchumaa karibu na bintiye.

"Hili gurudumu la kushoto nimelikaza mimi, mama. Leo asubuhi. Niliogopa."

Alitegemea kilio. Kiroboto akashuka, akainua ubavu wa gari kwa mikono yote miwili, hata ule uliowahi kuvunjika.

"Legeza, baba," alisema. "Halafu tuhesabu."

Spana ilikuwa bado mfukoni. Fundi alilegeza robo ile ile, akalizungusha. Mtoto alihesabu kwa sauti, baba kwa midomo tu. Kwenye kumi na tano baba aliomba moyoni lisimame. Kwenye ishirini akaona haya kwa kuomba vile. Ishirini na nne ikapita nalo bado linazunguka, halitoi hata sauti.

Kiroboto akafunga kofia yake ngumu, akakaa, akashika usukani. "Nisukume wewe," alisema.

Fundi aliweka viganja mgongoni mwa gari na kulisikia lilivyo jepesi. Filimbi ikalia. Gari lilimtoka mikononi kabla hajawa tayari, naye akabaki pale juu ameinyoosha mikono ile ile, anahesabu upya kuanzia moja.