Mbili ya Asubuhi

...kwa nini mlichelewa, eti, kwa nini mlichelewa kumfikisha mgonjwa hospitalini, na huyu binti wa utafiti anauliza huku anatabasamu, kalamu iko tayari juu ya karatasi kama mhudumu wa mgahawa anayengoja kusikia chai iwe ya rangi au ya maziwa, na mimi nimekaa kwenye korido hii tangu saa tatu asubuhi, tangu saa tatu!, sasa hivi ni saa tisa alasiri, masaa sita juu ya kiti cha plastiki, na Mama pembeni yangu kwenye kiti chake cha magurudumu, usingizi umemshinda, kidevu kimegusa kifua, mkono wa kulia uko mapajani pale pale nilipoulaza mimi maana mwenyewe hawezi kuulaza popote, halafu mtu aliyetuweka masaa sita ndiye anayeniuliza kwa nini nilichelewa, jamani, kuna watu wana uso mkavu... "Usiwe na haraka, dada, fikiria tu," anasema, na dada hiyo anaitamka vizuri, ni mtoto wa kwetu huyu, kazaliwa huku ughaibuni, Kiswahili kaokota kwa bibi yake, cha jikoni na cha kukaripiwa, kingine anajazia jazia, mimi kimoyomoyo namwita Bi Dodoso kwa sababu hilo dodoso lake lina kurasa kumi na nne na analikumbatia kifuani kama kichanga, na alipotokea leo saa tisa, mbio mbio, kitambulisho kinaruka shingoni, akatukuta tumekauka, akashika mdomo, "Yalaa, nilikuambia saa tatu, nilimaanisha tatu ya huku, ya mchana, hata bibi hunigombeza kwa hilo," akacheka, na mimi nikacheka, cha kufanya nini, Mama hakucheka, Mama alikuwa anataka kwenda msalani tangu adhuhuri na hana neno la kuombea... "Utafiti wetu unahusu kiharusi katika jamii za wachache," ndivyo alivyoanza, jamii za wachache, sijui nani alituhesabu akatuona wachache, kwenye foleni ya pale chini mbona tunajaa, kwenye kuosha vyoo vya jengo hili mbona tunatosha, uchache wetu unaanzia kwenye dawa, na mimi hilo nimelisema, nimelisema miezi minne kwa kila aliye na masikio, walitunyima dawa, ile dawa ya sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani, ipo, wanayo, tulifika mapema na wakatuambia mmechelewa, kwa sababu ya sura zetu na majina yetu yanayowashinda kutamka, na Bi Dodoso aliposikia hivyo akaandika kitu pembeni kwa herufi ndogo ndogo, sikuona nini, pengine kaandika huyu ana hasira, na aandike, hasira ninayo, sijaiazima kwa mtu.

Swali la saba, kwa nini mlichelewa, na majibu wameshanipangia, nichague tu, kama mtoto anayechaguliwa viatu, A hamkutambua dalili, B mlianza na tiba za kienyeji, C mliogopa hospitali kwa sababu za imani, D umbali, E nyingine, taja, na hapo kwenye taja pana kamstari kafupi kuliko kucha, maisha mazima ya watu yaenee hapo, na E hiyo haisemi hatukuchelewa, hakuna hatukuchelewa, wametafuta herufi zote hawakuipata ya hatukuchelewa, yaani kabla sijafungua mdomo nimeshakuwa mtu wa kuchelewa, mtu wa mizizi na hirizi, Mama yangu huyu ambaye panado tu anasoma kikaratasi chake mpaka mwisho ndipo ameze, aliyekuwa anapima presha kila Jumatatu na kuandika kwenye daftari... na saa naijua vizuri, nani aijue kama sio mimi, kaka, anayekaa mji mwingine wa huku huku, humpigia Mama kila siku saa mbili kamili asubuhi kabla hajaingia kazini, humtegemei kwa jingine lolote kaka yetu lakini kwa hilo unaweza kurekebisha mshale wa saa, na siku ile Mama akapokea, haloo mwanangu, na mwanangu ikatoka nzito, ikarudi kinywani, kaka akamtania, "Mama, meza kwanza chapati ndipo tuongee," maskini, akadhani ni chapati, kisha akasikia kikombe kinaanguka, akanipigia mimi kule kiwanda cha kufulia, nimesimama mbele ya lile dubwana la kupigia pasi mashuka ya mahoteli, "Mama anaongea kama mlevi, kimbia," na nilikimbia, nilikimbia na aproni na kofia ya nailoni kichwani, gari la wagonjwa likaja, saa nne kasoro dakika kumi tulikuwa tumeshapita mlango mkubwa, piga hesabu, mtoto wa chekechea apige hesabu, hayafiki hata masaa mawili, na dawa ile walisema wenyewe inachomwa mpaka masaa manne na nusu, kwa hiyo nani alichelewa, niambie wewe mwenye kalamu... "Nyuma ya fomu nimeambatanisha rekodi ya siku ile," anasema Bi Dodoso, "kama itakusaidia kukumbuka," itanisaidia kukumbuka, kana kwamba nimesahau, nafunua hata hivyo, karatasi moja tu, sijawahi kuiona, miezi minne hakuna aliyenionyesha, jina la Mama wamelikosea herufi mbili, sawa, tumezoea, umri sawa, kufika 09:50, sawa, hiyo ndiyo saa nne kasoro kumi, kuanza kwa dalili 02:00... sifuri mbili, nukta mbili, sifuri sifuri. Saa nane za usiku.

Waongo! waongo wa mchana kweupe, saa nane za usiku nani alikuwa macho, kaka anampigia nani saa nane za usiku, ndivyo walivyofanya basi, wamebuni saa yao wakaiandika ili masaa yazidi, ili dawa yao ibaki kabatini, nitawaanika, nitaipiga picha karatasi hii niwapelekee watu wote, na macho yanateremka yenyewe, yanasoma yenyewe, chini ya 02:00 pana maneno mepesi, nayajua, miaka minane nimeyasoma kwenye kila fomu ya nchi hii, chanzo cha taarifa, binti wa mgonjwa... binti wa mgonjwa, Mama ana binti wangapi, ana mmoja, amekaa hapa na karatasi mkononi... hapana, mimi sikusema saa nane, naapa sikusema, mimi nilisema... daktari yule kijana mwenye mafua, anavuta kamasi, anaonyesha kidole chake kwenye kifundo cha mkono pale saa inapokaa, lini, lini, ameanza lini, nesi anachana mkono wa gauni, Mama macho yake yananitafuta, jicho moja tu linanipata, simu iko sikioni na kaka anapiga kelele ndani ya sikio langu, "Waambie saa mbili! Waambie niliongea naye saa mbili asubuhi!" na mimi nikageuka, nikalichukua neno lilivyo, likiwa bado la moto kutoka kwa kaka, nikaligeuza kwa lugha yao, mbili, ya asubuhi, na kwa lugha yao mbili ya asubuhi ni... Mungu wangu... na nikanyoosha vidole viwili, vidole hivi, hiki na hiki, nikampelekea mpaka karibu na pua yake yenye mafua ili asije akakosea.

Tatu ya huku, alisema huyu binti na tukacheka... mimi ninayejumlisha sita na kutoa sita kila siku ya Mungu, zamu yangu inaanza sita yao ambayo ni kumi na mbili yangu, miaka minane sijachelewa zamu hata mara moja, msimamizi hunisifia, eti saa ya ukutani inakosea lakini wewe hukosei, siku moja tu, neno moja tu, na si kwamba lilinishinda, ningeulizwa nimekaa nimetulia ningesema nane, nane ya asubuhi, jambo dogo kama kupiga chafya, kikulacho ki nguoni mwako, miezi minne nawasaka wezi mtaani kumbe mwizi nalala naye kitanda kimoja, natumia naye mswaki mmoja... akaangalia saa ya ukutani yule daktari, akahesabu, nilimwona anahesabu, midomo yake ilicheza, kalamu ikasimama, akasema mmechelewa, na mimi nikadhani ni dharau... na haikuwa dharau? ngoja, ngoja kidogo, usijichape peke yako mpaka wengine wote watoke wasafi, gauni la Mama lilikuwa limelowa chai kifuani, nesi aliligusa akafuta mkono wake kwenye taulo, nilimwona, chai ya saa nane za usiku inakaa mbichi mpaka saa nne, ni chai au ni mafuta ya taa?, na kichwani upande mmoja wa nywele umechanwa na wa pili bado, kitana kimening'inia humo humo, nani hapa duniani anajichana saa nane za usiku, na mimi nimevaa aproni ya kazi, jina la kiwanda kifuani, jasho, nani anatokea kazini kumleta mama aliyeanguka usiku wa manane, kama sio kwamba wanatuona ni watu wa hivyo tu, watu wanaoweza kumwacha mama yao sakafuni masaa manane wakaenda kufua mashuka kwanza, ndiyo, hapo, hapo ndipo dharau ilipokaa, haikuwa kwenye dawa, ilikuwa kwenye kutouliza mara ya pili, mwanamke wa kwao akisema kitu cha ajabu wanamuuliza tena, una uhakika, mama, hebu fikiria vizuri, mimi niliulizwa mara moja, kwa kidole, nikaaminiwa mara moja, siku moja ile tu katika miaka minane ndiyo wakaamua kuniamini, na mkalimani alikuwa wapi, jengo lina orofa saba, lina duka la maua, lina mtu kazi yake kugonga mihuri ya maegesho, halina mtu mmoja wa kujua kwamba kuna watu siku yao huanza jua likichomoza... nyote wawili, basi, wewe daktari na mimi, tumeukata ulimi wa Mama kwa mkasi mmoja, wewe umeshika upande na mimi nimeshika upande.

"Dada, uko sawa?" niko sawa, naitikia kwa kichwa, niko sawa, naweza kuchagua A hapa hapa, hamkutambua dalili, alama moja tu, Bi Dodoso atafunua ukurasa, tutakwenda msalani, tutarudi nyumbani, kaka ataendelea kuwatukana wao na mimi nitaendelea kuitikia, nani atajua, karatasi itaingia kwenye kompyuta yao, itachanganywa na mia nyingine, watasema asilimia kadhaa ya watu wetu hawajui dalili, watatutengenezea mabango yenye picha ya mdomo uliopinda, wayabandike kwenye vituo, mjue dalili, wahini hospitali, na sisi tulizijua na tuliwahi... na mshonaji, jirani wa ghorofa ya chini, Jumanne iliyopita mkono wake ulikufa ganzi juu ya cherehani, robo saa nzima hausikii sindano, kisha ukarudi, nikamwambia nenda hospitali, akanicheka, "Nikafanye nini kule, shoga, si wewe ulituambia sisi hawatupi dawa," na mimi nikasema kweli, wala si uongo, nikamsaidia kufunga duka, nikasema kweli!, ulimi hauna mfupa lakini wangu una meno, yule ndiye atakayechelewa, yule ndiye jibu la swali la saba, atakaa nyumbani mpaka siku ya tatu kwa sababu ya maneno yangu, na Bi Dodoso atakuja na kurasa zake kumi na nne amuulize mumewe kwa nini, na yeye atachagua C, mliogopa, na itakuwa kweli, safari hii itakuwa kweli... natazama pembeni na Mama yuko macho, sijui tangu lini, kichwa kimeinuka, lile jicho linalonipata limenipata, daktari wa mazoezi alisema anaelewa kila kitu, msidanganyike na ukimya, kila neno linaingia, kutoka tu ndiko hakuna, na Bi Dodoso anaongea Kiswahili, kwa hiyo nikisema hapa nimemwambia Mama, ni mimi, Mama, mwanao, ndimi niliyesema mbili, na yeye hataweza kunitukana wala kuniambia basi yameisha, atanitazama tu, na nitaishi na mtazamo huo asubuhi na jioni nikimlisha, nikimvalisha, ningeweza kumwambia huyu binti kwa lugha ya huku, haraka haraka, chini chini, aandike anachoandika, Mama asiambulie kitu, rahisi hivyo... "Kwa nini mlichelewa?" anauliza tena kwa upole, kalamu iko pale pale, kamstari kako pale pale kafupi, hatukuchelewa, binti, kachukue karatasi nyingine kubwa, andika kwamba hatukuchelewa, andika nilichosema na andika ambacho hawakuniuliza, na kesho niende kwa mshonaji, hapana, leo, tukitoka hapa, na lugha ya huku inakuja ya kwanza kwenye ulimi, nyepesi, imejipanga, naisukuma pembeni, sitafsiri tena, nitalisema kwa Kiswahili, polepole, nikimtazama Mama.