Daftari la Marehemu Yakubu

Mume wangu Yakubu alifariki Jumanne moja ya Julai mwaka jana, kabla jua halijatoka, na kufikia alasiri alikuwa ameshazikwa. Kwetu maiti haicheleweshwi. Ndugu zake walifika nyumbani Majengo na makoti mazito, maana ukungu haukuinuka Nyeri siku ile, wakaniuliza jambo moja tu: alitaka kulala wapi?

"Karibu na Jannat," nikasema.

Jannat ni binti yetu. Alikufa mwaka 2001 akiwa na miezi tisa. Sikwenda makaburini, kwa sababu kwetu wanawake hubaki nyumbani wanaume wakizika, na baadaye sikupata moyo wa kwenda. Yakubu ndiye aliyekwenda. Akirudi aliniambia, "Nimemsalimia," nami nikaridhika. Makaburi yetu hayana majina, ni mawe tu. Nani kalala wapi, daftari ndilo lililojua, na daftari lilikuwa la Yakubu. Aliliweka miaka mingi kwenye kompyuta ya ofisi ya msikiti, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na babu yake.

Asubuhi ile Hamdan, mtoto wa kaka yake, alifungua kompyuta mpya ambayo kamati ya msikiti ilikuwa imenunua. Daftari lilikuwa limehamishiwa humo. Kila jina lilikuwa limegeuka vitu kama ÌäÊ, na mengine marefu zaidi. Wanaume waliyatazama mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, kisha wakamzika Yakubu upande wa chini, penye nafasi.

Siku hiyo moja nilimpoteza mume, na mahali alipo mwanangu pia.

Nikakaa eda. Mwezi wa pili wa eda Hamdan akaja kusimama nje ya pazia.

"Mama mdogo, kamati inasema tufute yote tuanze upya."

"Mtaanza upya na Jannat yupi?"

Nikamwomba asubiri wiki moja. Jirani yangu Magdaline, anayetuletea maziwa kutoka Mweiga, alisikia hayo akasema kijana wake Waweru anatengeneza kompyuta pale Gatitu. Mimi singeweza kutoka, kwa hiyo Jumapili, baada ya kanisa, Waweru alikuja na laptopu yake. Akaketi barazani na mama yake na Hamdan, aliyeleta nakala ya daftari. Mimi nikaketi ndani, pazia likiwa kati yetu.

"Mama, pole sana," akasema. Kisha nikasikia vidole vyake. "Hii kitu haijapotea. Kila herufi imewekwa kama namba. Ile kompyuta ya kwanza ilikuwa na orodha ya Kiarabu: ikiona namba, inajua ichore nini. Hii mpya inatumia orodha ya Wazungu. Namba ni zile zile."

Vidole vyake vikaendelea. "Lakini huku juu ni alama za kuuliza tupu. Nani alisevu hapa?"

"Nilikuwa nasafisha," akasema Hamdan. "Niliona ni uchafu."

"Ati kusafisha! Wewe ukipewa msahafu uliolowa maji utaufua na Omo?"

"Waweru!" mama yake akamkemea. "Hapa kuna mfiwa."

"Pole. Lakini hawa kumi na tisa wa kwanza hata mimi siwezi kuwarudisha. Imebaki tarehe peke yake."

Nilihesabu miaka kwa vidole. Sikujua Yakubu alianza na nani. Nilishika ukingo wa pazia, nikauacha.

"Sasa je?" Waweru akauliza, akiwa amebadilisha orodha.

"Hiyo si yetu," akasema Hamdan.

"Hiyo ni ya Warusi. Ngoja. Na hii?"

Nikamsikia Hamdan akisema "Bismillahi," polepole, kama mtu aliyeingia chumba chenye wagonjwa.

Wakaipitisha laptopu chini ya pazia. Herufi zilikuwa zimeungana, zikianzia kulia kama inavyotakiwa. Nilisoma majina ya watu niliowapikia, watu niliokuwa na ugomvi nao, mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Nilisoma polepole kwa sababu niliogopa kufika mwisho bila kumwona. Alikuwa wa arobaini na tatu. Jannat binti Yakubu, mstari wa nne, kaburi la saba kutoka ukutani. Mwishoni palikuwa na sehemu ya maelezo, ambako kwa wengine Yakubu aliandika ugonjwa au mji waliotoka. Kwa Jannat aliandika: mama yake hajafika.

"Mama Jannat?" Magdaline akaita. "Umempata?"

Miaka mingi hakuna aliyeniita hivyo. Nikasema, "Nimempata."

Eda ilipokwisha, Magdaline alinisindikiza makaburini. Nilihesabu mistari, kisha mawe. Jiwe lake ni dogo na lina ukungu wa kijani upande mmoja. Kutoka hapo hadi kwa Yakubu ni hatua sitini na mbili, na aliyezikwa hahamishwi.

Hamdan huzunguka kwa wazee akiuliza walipolala wale kumi na tisa. Kufikia sasa amepata sita.

Kulia kwa Jannat pana nafasi tupu. Kamati imekubali, na jina langu limeshaandikwa daftarini.