Mgomba wa Onesphore

Siku Onesphore alipopotea, dada yake Médiatrice alikuwa akivuta zulia lililolowa kupanda ngazi za nyumba ya watu huko Etobicoke, mtaa wa Toronto. Simu ilitetemeka mfukoni. Glavu zake zilikuwa na matope, akaiacha. Alipokuja kuipokea, shangazi yake Épiphanie alikuwa amekwisha kulia, sauti imebaki kavu.

"Mayi imemubeba, Média. Pale mtoni, na koleo yake."

Ilikuwa Aprili 2013. Milima ya juu ya Uvira, mji wao huko Congo, imebaki upara, miti imegeuka makaa, na mvua ikinyesha huko hakuna cha kuizuia. Onesphore alichimba mchanga mtoni na kuwauzia wenye malori. Ukingo alioula kwa koleo ndio uliolinda nyumba za jirani. Médiatrice alimwambia hivyo miaka yote.

"Basi yaya, nitumie kazi nyingine kwa posta," alimjibu dada yake, akacheka.

Mwili haukuonekana. Kwao, asiyeonekana huzikwa kwa mgomba: shina hukatwa kwa urefu wake, likavikwa nguo yake, likafukiwa. Lakini ruhusa hutolewa na mzaliwa wa kwanza, na mzaliwa wa kwanza, Médiatrice, alikuwa mtaani Rexdale, Toronto, akipanda basi la Kipling kwenda kukausha nyumba za wenzake zilizoingia maji.

"Bado," alimwambia shangazi kwenye simu mwezi wa Mei. "Watafute mpaka ziwani."

"Nani atafute? Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Mama yako angali analala chini kwenye mkeka. Mfiwa harudi kitandani kabla ya maziko."

Juni hakupokea simu.

Julai mvua iliipiga Toronto jioni moja. Mifereji ikazidiwa, maji machafu yakapanda kupitia matundu ya sakafu. Kampuni yake ilimpeleka Médiatrice kwa Sughra, mjane aliyezaliwa Tanga, ambaye alimsikia akinung'unika kwa Kiswahili ngazini.

"Kumbe wa kwetu! Hicho Kiswahili kimepitia wapi?"

"Congo, mama."

"Ndiyo maana kimechoka."

Chumba cha chini kilinuka. Ukutani liliegemea godoro la marehemu Anverali, mume wa Sughra, zito kwa maji ya choo.

"Hilo lianikwe," alisema Sughra.

"Halikauki, mama. Maji haya yakishaingia ndani, ni kutupa. Ndiyo sheria."

"Sheria? Na mfereji wa mtaa huu hauna sheria? Tumewaandikia manispaa mpaka Anverali akafa, wanajibu kwamba wamepokea." Alipiga godoro kwa kiganja, maji yakatiririka. "Na wewe unatupa vitu vya watu haraka sana. Chako umewahi kukitupa?"

Médiatrice alitaka kumjibu kwa ukali. Lakini akaona katikati ya godoro pana bonde, pale Anverali alipolala miaka mingi.

"Mdogo wangu amebebwa na mto," alisema. "Mama yangu analala chini kwa sababu mimi nimekataa azikwe."

Sughra akakunja mikono ya gauni, akainamia godoro.

"Shika huko," alisema. "Mimi nashika huku."

Walipanda ngazi polepole, maji yakiwachuruzikia miguuni, Sughra akilaani manispaa kila ngazi. Wakaliweka godoro kando ya barabara, penye takataka za mtaa mzima. Médiatrice alivua glavu, akampigia shangazi yake simu.

"Tantine. Kateni mgomba."

Shangazi akauliza, "Wa urefu gani?"

"Sijui. Nilimwacha akinifika begani."

"Alikuwa amekupita, Média."

"Basi kateni mrefu."

Sasa mama yake analala kitandani. Kila asubuhi malori hushuka mtoni, na pale alipochimba Onesphore anachimba mwingine.